Kabla ya kopo la unga: historia ya kikombe Ufipa



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia picha ya kopo la unga wa mizizi akaniuliza: Shekhe, hii halali? Kwenye kopo wameandika unaondoa msongo wa mawazo, unaongeza nguvu, unaleta usingizi, unarudisha ujana. Nikamwambia swali la uhalali lisubiri kidogo, kwanza aniambie nani kaupima unga huo. Akaona namkwepa. Basi leo namjibu kwa kirefu, na nitaanzia mbali, maana sisi watu wa Ufipa kikombe hiki hatukuanza kukinywa jana.

Mji wetu wenyewe jina lake ni habari ya dawa. Wazee hutwambia Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", kwamba ukitaka kuingia uache vitu vyako njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walipita huku vijana wa dawa iliyotoka upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Waliitwa Mchape, na neno lile asili yake ni kufua, kusafisha. Wakifika kijijini hukusanya watu, kila mmoja atoe pembe na hirizi alizoficha, kisha anyweshwe dawa. Aliyekunywa amesafika, na akiurudia uchawi, dawa hiyo hiyo itamuua.

Sasa tazameni miaka ile ilivyokuwa. Uchumi wa dunia umeanguka na bei za mazao zimeshuka, kodi ya mkoloni iko pale pale, wanaume wamekwenda kutafuta kazi mbali na nyumbani. Na nzige wekundu, ambao bonde letu la Rukwa ni moja ya mazalia yao yanayojulikana, wanakula mashamba. Mtu wa namna hiyo ana hofu kifuani na hajui aiite nini. Siku zile aliiita uchawi, na akaletewa kikombe.

Miaka thelathini baadaye wakaja tena, safari hii wakiitwa Kamchape. Mtafiti Mwingereza, Roy Willis, alikuwa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaandika habari zao. Uhuru umekuja, machifu wanaondolewa, nani ana amri kijijini haijulikani vizuri, na watu wanapanga foleni kunywa.

La Samunge wengi mnalikumbuka. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga, kule Loliondo. Foleni ya magari ikawa kilomita nyingi. Walikwenda Wakristo, walikwenda Waislamu, walikwenda wakubwa wa serikali. Wapo waliofia kwenye foleni, wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mwenyewe alifariki mwaka 2021. Na mwaka mmoja kabla yake, wakati wa korona, ndege ilitumwa Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba, na nyumba nyingi hapa mjini zilinuka mvuke wa mikaratusi na malimao. Nyungu nilijifukiza hata mimi, sitaki kujifanya mjanja.

Tuje kwenye kopo. Muuzaji atakwambia ni siri ya mababu, lakini jina la kundi hili la dawa, adaptojeni, lilibuniwa na mwanasayansi wa Kisovieti, Nikolai Lazarev, mwaka 1947. Vita imekwisha, nchi yake imechoka, na wakubwa wanataka askari na wafanyakazi wanaostahimili uchovu. Mwenzake, Israel Brekhman, akaendeleza utafiti kwa miaka mingi juu ya mizizi ya mashariki ya mbali. Kwa hiyo jina si la mababu, ingawa baadhi ya mizizi ni ya kale sana. Ule unaotajwa mno siku hizi, ashwagandha, Wahindi wanautumia tangu zamani, na mmea wake huota wenyewe hata Afrika Mashariki. Yapo majaribio yanayoonyesha kwamba unaweza kupunguza msongo na kusaidia usingizi kwa kiasi. Wapo pia walioumia ini baada ya kuutumia, na Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Mjamzito asiuguse. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, au anayetumia vidonge vya sukari au presha, amuulize daktari kwanza.

Dini yetu haina ugomvi na mimea. Habbat sauda mnaijua. Kahawa mnayokunywa barazani ilienezwa na masufi wa Yemen waliotaka kukesha kwenye dhikri, na mwaka 1511 mkuu wa mji wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, marufuku ambayo haikudumu. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, na madhara ni dalili.

Na juu ya msongo hasa, tunayo mafundisho. Bi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa waliofiwa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kupunguza huzuni. Uji, ndugu zangu! Sisi tuna ulezi umejaa kwenye vihenge. Bi Fatima (r.a.) naye mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kuomba mtumishi. Baba yake akamfundisha tasbihi za kulalia, 33, 33 na 34, akamwambia hizo ni bora kwake kuliko mtumishi. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kama maradhi yenye tiba. Alisema kama mtu anavyoweka akiba ya dawa za mwili nyumbani, aweke pia akiba ya fikra za kumtuliza siku ya shida. Hayo ni zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Miaka michache nyuma muuzaji wa unga kama huo aliniomba dakika tano baada ya Ijumaa. Alikuwa na maneno mazuri, ana ndevu, anataja hadithi. Nikamruhusu. Nikaongeza kwa mdomo wangu: "Tiba hii ni nzuri, inshaallah." Mzee wetu mmoja wa safu ya mbele alinunua makopo mawili, akaacha vidonge vyake vya presha kwa sababu imamu kasema. Hakufikisha miezi miwili. Kiharusi.

Ipo hadithi kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, anabeba dhamana ya atakachoharibu. Nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi hadithi hii nikiwafikiria waganga wa stendi. Siku ile nilipomkuta mzee mdomo umepinda, hawezi kutamka Fatiha sawasawa, nilijua nani anasemwa.

Nilimwomba radhi mbele ya wanawe, akanisamehe. Vidonge vyake vya kila mwezi nanunua mimi, na matangazo ya dawa baada ya swala kwetu hayapo tena.

Kijana wangu wa picha, nchi yetu ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002 na lipo Baraza la kusajili dawa hizi. Geuza kopo lako utafute usajili. Kwenye picha uliyonitumia mimi sikuuona. Na ukienda kliniki, lichukue kopo uende nalo, daktari aone unachokunywa.

Wallahu aalam.