Baraza, Sebule na Ndani: Historia ya Mpaka kati ya Kilicho Wazi na Kilicholindwa, kutoka Nyumba za Mji Mkongwe hadi Programu za Tovuti za Java

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali moja katika vipindi viwili vya historia: nani huruhusiwa kuingia, wapi, na afanye nini akishaingia? Kipindi cha kwanza ni cha nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja katika karne ya 19. Cha pili ni cha programu za tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya Java tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sababu ya kuvikutanisha vipindi hivi ni ya kivitendo. Tasnifu za Kiswahili sasa huhifadhiwa katika hazina za mtandaoni za vyuo vikuu, na nyingi ya hazina hizo katika Afrika Mashariki huendeshwa kwa DSpace, programu ya Java iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya HP. Tasnifu inapaswa kusomwa na kila mtu, lakini majina ya wahojiwa walioahidiwa siri hayapaswi. Mpaka ukikosewa upande mmoja, elimu hufungiwa. Ukikosewa upande wa pili, mtu aliyetuamini hufichuliwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mpaka imara husimama juu ya nguzo tatu, yaani mahali, mtu na tendo, na kwamba nguzo inayosahauliwa mara nyingi ni ya tatu.

2.0 Ngazi za Nyumba ya Mawe

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una majengo mengi ya karne ya 19. Nje ya nyumba kuna baraza ya mawe, ambapo jirani na mpita njia hukaa bila kuomba ruhusa. Uwazi wa mahali hapo umeacha alama katika lugha yenyewe, kwani neno hilohilo hutaja chombo cha majadiliano ya umma, kama Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1980. Baada ya baraza huja mlango wa nakshi, kisha sebule ya kupokelea wageni, na mwisho ndani, mahali pa familia.

Mgeni havuki ngazi hizi kwa kuwa mlango uko wazi. Hupiga hodi, akatambuliwa, ndipo akaambiwa karibu. Hodi na karibu ni mambo mawili tofauti: kujulikana ni nani, na kuruhusiwa. Anayejulikana vyema anaweza bado kuishia sebuleni.

Katika majumba ya kifalme utaratibu huu ulijengwa kwa mawe na mbao. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililokamilika mwaka 1883, liliunganishwa kwa madaraja na Beit al-Hukm na Beit al-Sahel ili wanawake wa ukoo wapite bila kuonekana barabarani. Hata hivyo, haifai kuusifu mpangilio huu pasipo tahadhari. Kuta zilezile zilizolinda heshima ziliwazuia pia masuria, ambao hawakuchagua kuishi humo. Kila kanuni ya kuingia ina aliyeitunga, na mtafiti hana budi kuuliza iliwekwa kwa faida ya nani.

3.0 Kusoma bila Kuandika

Mfano ulio wazi zaidi wa nguzo ya tendo ni maisha ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kuwa wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo matini yaleyale yalikuwa wazi kwake kwa tendo moja na yamefungwa kwa tendo jingine.

Matokeo yake yalikuwa ya kisiasa. Mwaka 1859, Barghash alipopanga kumwondoa ndugu yake Majid madarakani, Salme ndiye aliyewaandikia barua wala njama. Tendo ambalo walinzi wa desturi walidhani limezuiwa lilikuwa limepenya.

4.0 Kanuni za Java na Tundu Lililosahauliwa

Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Toleo la 2.2 la viwango vya sevuleti, la mwaka 1999, liliwezesha kanuni za ulinzi kuandikwa katika faili la web.xml, nje ya msimbo wenyewe. Kila kanuni hutaja anwani zinazolindwa na matendo yanayohusika, kisha dhima za watumiaji wanaoruhusiwa. Yaweza pia kudai mawasiliano yaliyosimbwa. Ukurasa usiotajwa popote huwa wazi kwa wote. Kanuni isiyo na kipengele cha dhima pia haimzuii mtu, ilhali yenye kipengele hicho kikiwa kitupu humzuia kila mtu. Tofauti hiyo ndogo ya maandishi hubadili maana yote.

Mwaka 2010 udhaifu wa aina hii ulibainika katika dashibodi ya usimamizi ya seva ya JBoss. Kanuni yake ilitaja matendo mawili tu, GET na POST. Mvamizi aliyetumia tendo la HEAD hakuombwa nywila, na seva ilimhudumia kana kwamba ametumia GET. Mwaka uliofuata programu hasidi iliutumia mwanya huo kusambaa katika seva ambazo hazijarekebishwa. Waandishi wa kanuni walidhani wamefunga mlango, kumbe wamefunga matendo mawili ya kuupita. Toleo la 3.1 la mwaka 2013 liliongeza agizo la kukataa matendo yote yasiyotajwa. Hata hivyo, Saltzer na Schroeder walikwisha kueleza mwaka 1975 kwamba msingi salama ni kukataa kila kitu isipokuwa kilichoruhusiwa waziwazi.

5.0 Hitimisho

Historia hizi mbili zinatoa mafunzo matatu kwa hazina ya tasnifu. Kwanza, kilicho wazi kitangazwe kuwa wazi kwa makusudi: katika DSpace, faili la tasnifu lipewe kundi la wasomaji wote, asihitajike mtu kujisajili ili asome. Pili, kiambatisho chenye majina ya wahojiwa kiwekwe katika faili lake na kipewe sera yake, kwa kuwa programu hiyo huruhusu kila faili liwe na kanuni yake. Tatu, ikumbukwe kwamba kwa kawaida kulifunga faili hakufichi ikisiri wala taarifa za utambulisho; jina lililoandikwa hapo limekwisha kuwekwa barazani.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Hazina njema nayo haipimwi kwa ukurasa wake wa kuingilia nywila, bali kwa kujua ni nani anayepokelewa katika kila chumba chake, na kwa tendo gani.