Kiserbia na Kijapani: Kuandika Kama Watu Wasemavyo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni vizuri, karatasi zenu mbele yenu, na mwalimu wa darasa aweke chaki karibu, maana mwishoni tutaandika kidogo ubaoni.

Somo la leo lahusu lugha mbili za mbali. Moja ni Kiserbia, lugha ya Waserbia wakaao kusini-mashariki ya Ulaya. Ya pili ni Kijapani, lugha ya visiwa vilivyo mwisho wa Asia, upande wa mawio ya jua. Lugha hizi hazina ukoo hata kidogo. Kiserbia ni ndugu wa Kirusi na Kibulgaria; Kijapani ndugu zake wanaojulikana ni lugha za visiwa vya Ryukyu tu. Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi tuziweke katika mzani mmoja? Kwa sababu mataifa haya mawili yaliingia karne ya 19 na shida ile ile: maneno ya kitabuni hayakuwa maneno ya kinywani. Mtu aliyesema lugha yake vizuri tangu utotoni alifungua kitabu cha taifa lake akajiona mgeni.

Kwanza tusikie sauti zenyewe. Lugha zote mbili zina irabu tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili chetu. Lakini Mserbia hufululiza konsonanti bila irabu kati yake. Damu kwake ni krv, kidole ni prst, kifo ni smrt. Jaribuni kutamka polepole: r ndiyo inayobeba neno, kama m inavyobeba mwanzo wa neno mtu. Mjapani hawezi kusema hivyo bila kuongeza irabu, maana silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Jina Serbia kwake huwa Serubia. Sisi tulifanya vivyo hivyo tulipopokea neno kitab kutoka kwa Waarabu tukaliita kitabu.

Sasa twende kwa Waserbia. Mwaka 1787, katika kijiji cha Tršić, nchi ikiwa chini ya Waturuki, alizaliwa mtoto wa wakulima aliyeitwa Vuk Stefanović Karadžić. Alipoanza kujifunza kuandika hapakuwa na wino, akachanganya baruti na maji. Baadaye alilemaa mguu mmoja. Waserbia waliwaasi Waturuki, wakashindwa mwaka 1813, naye Vuk akakimbilia Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko alikutana na Jernej Kopitar, mtu wa Slovenia mwenye elimu kubwa ya lugha, akamhimiza aandike sarufi na kamusi ya lugha ya watu wake.

Wakati ule Waserbia wenye elimu waliandika lugha iliyochanganywa na lugha ya kale ya kanisa, na Kirusi ndani yake. Herufi zilizidi arubaini. Moja yao iliwekwa mwisho wa maneno mengi nayo haikuwa na sauti yo yote! Mwaka 1810 Sava Mrkalj alitoa kijitabu akasema herufi hiyo ni mafuta tu, yakatwe. Alishambuliwa sana hata akarudi nyuma.

Vuk hakurudi nyuma. Kanuni yake ilikuwa fupi: kila sauti herufi moja, kila herufi sauti moja. Alitupa herufi nyingi, akaongeza chache, zikawa 30. Mwaka 1818 alipiga chapa kamusi yenye maneno zaidi ya 26,000, aliyoyatwaa vinywani mwa wakulima na wachungaji, matusi nayo hakuyaacha. Wakubwa wakaghadhibika. Walisema hiyo ni lugha ya wachunga ng'ombe. Tena herufi j aliitwaa katika hati ya Kilatini, na viongozi wa kanisa la Orthodoksi wakaona ni mlango wa kuwaingizia Ukatoliki. Mwaka 1832 mtawala wa Serbia, Miloš Obrenović, alikataza kupiga chapa vitabu kwa maendelezo ya Vuk. Mtawala huyo mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika.

Mwaka 1847 Vuk alitoa Agano Jipya kwa Kiserbia cha watu. Alifariki Vienna mwaka 1864, kabla ya kukubaliwa kabisa. Serikali ya Serbia iliyapokea maendelezo yake mwaka 1868.

Shikeni mwaka huo wa 1868, kwa maana ndio mwaka ambao huko Japani utawala wa mashogun ulianguka na mfalme Meiji akashika enzi.

Wajapani wa kale hawakuwa na hati yao. Waliazima alama za Wachina, ambazo kila moja ni neno, si sauti. Alama ya mlima ni mistari mitatu iliyosimama juu ya mmoja uliolala, wa katikati mrefu kama kilele. Mjapani huisoma yama, lugha yake mwenyewe, na pengine huisoma san, kwa kufuata Kichina. Lakini Kijapani kina viambishi mwishoni mwa vitendo: taberu ni kula, tabeta ni alikula, tabenai ni hali. Kichina hakina mikia hiyo, basi alama zake hazikutosha. Katika karne ya 9 zikatokea alama nyepesi za silabi, ziitwazo kana. Ya na ma, hapo umeandika mlima.

Wanaume wasomi waliendelea kujivunia Kichina. Kana laini iliitwa mkono wa mwanamke. Lakini ni kwa mkono huo Murasaki Shikibu, mwanamke wa jumba la mfalme, aliandika hadithi ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11, nayo yasomwa mpaka leo. Mnaona jinsi dharau zinavyofanana? Kule waliitwa wachunga ng'ombe, huku wanawake.

Mwaka 1866 Maejima Hisoka, ambaye baadaye aliiunda posta ya Japani, alimwandikia shogun kwamba alama za Kichina ziachwe, maana zinakula miaka ya watoto. Hakusikilizwa. Mwaka 1887 Futabatei Shimei alianza kutoa riwaya yake kwa lugha ya mazungumzo. Mwaka 1900 shule zikaamriwa kutumia alama moja tu ya kana kwa kila sauti. Hata hivyo neno kyō, yaani leo, bado liliandikwa kefu, kama lilivyotamkwa zamani za mababu. Tarehe 15 Agosti 1945 mfalme alitangaza kwa redio kwamba vita imekwisha, na wengi waliosikiliza hawakuyaelewa maneno yake, kwa kuwa yalikuwa ya kale mno. Ndipo mwaka 1946 kana zikafuata matamshi, isipokuwa mahali pachache, na alama za Kichina za matumizi ya kila siku zikawekewa mpaka wa 1,850. Tangu mwaka 2010 orodha ni ya alama 2,136.

Wanaozitetea husema maneno mengi ya Kijapani hufanana: kami ni mungu, ni karatasi, tena ni nywele, nazo alama huyatenganisha. Ni kweli, lakini mimi siioni kuwa sababu ya kutosha. Sisi tuna paa wa mwituni, paa la nyumba na ndege kupaa. Waserbia wana grad, mji, na grad, mvua ya mawe. Hakuna aliyepotea njia. Nadhani Wajapani wazipenda tu, na kwazo husoma maandishi ya wazee wao. Nayo ni mali. Mserbia alikata kamba ya zamani, basi mtoto wake hujua kusoma upesi, lakini vitabu vya kabla ya Vuk humshinda asipofundishwa.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni Moshi. Sisi twatumia herufi tano. Mserbia nne, kwa kuwa sh kwake ni herufi moja. Mjapani alama mbili tu, mo na shi. Mtwara Mjapani huandika mu-to-wa-ra. Jaribuni Mpwapwa kwa njia yake, kisha hesabuni herufi za Mserbia katika Shinyanga, mkijua ya kuwa ny nayo anayo herufi yake moja. Mwalimu atapokea majibu kabla ya somo lijalo.