Mdomo wa Bata: Saksafoni ya King Enock Hadi Mtwara

Michael Enock, maarufu kwa jina la King Enock, ni mmoja wa wanamuziki walioipa saksafoni kauli yake katika muziki wa dansi wa Tanzania. Hakuanza na ala hiyo, ambayo mashabiki huiita mdomo wa bata. Mwaka 1960 alijiunga na Dar es Salaam Jazz Band akiwa mpiga gitaa la solo, na umahiri wake kwenye nyuzi ndio uliompatia jina la King. Saksafoni ilikuja baadaye. Alipokuwa katika bendi ya Mlimani Park, mbali na kuipuliza, alikuwa mpangaji wa muziki na mwalimu wa wenzake.

Ala yenyewe ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi wa Kibelgiji aliyepata hataza yake mjini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, lakini sauti huzaliwa kwenye ulimi mwembamba wa tete, kwa hiyo saksafoni ina undugu zaidi na zumari kuliko tarumbeta. Majeshi ya Ufaransa yaliipokea mapema. Huku pwani, mapenzi ya ala za kupuliza yaliletwa na beni, ngoma iliyoibuka Lamu na Mombasa miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikiwa na vyama hasimu vya Marini na Arinoti, sare na vyeo vya maofisa. Askari na wasafiri waliisambaza hadi miji ya kusini kama Kilwa na Lindi. Dar es Salaam Jazz ilipoanzishwa mwaka 1932, masikio ya watu yalikwisha kuzoea mlio wa shaba. Baadaye zikaja santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, na kwazo bendi za dansi zikajifunza kumjibu mwimbaji kwa ala. Neno jazz katika majina ya bendi hizi lilimaanisha dansi ya kisasa. Muziki wenyewe ulikuwa karibu zaidi na Havana kuliko New Orleans.

Enock alipojiunga na Dar es Salaam Jazz, Mtwara, kusini kabisa mwa pwani hiyo, ulikuwa mji mchanga. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalihamishiwa hapo kutoka Lindi mwaka 1952, na bandari ya kina kirefu, iliyobuniwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifunguliwa mwaka 1954 wakati mradi wenyewe umeshakufa. Kwa barabara, bendi ya Dar es Salaam iliyotaka kwenda kusini ililazimika kuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yalipokolea safari zilikatika. Kwa hiyo ukumbi wa dansi kwa wasikilizaji wengi wa Mtwara, Mikindani na Msimbati ulikuwa redio. Bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikahifadhiwa hapo, na nyimbo zikarushwa nchi nzima. Jina la pwani ya kusini lilibebwa na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ingawa nayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi ya TTTS, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mtindo wake, Sikinde, ulipewa jina la ngoma ya Wazaramo. Mpangilio wa nyimbo zake ndio unaoonyesha kazi ya mtu kama Enock. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa cha ndoa, deni au ndugu aliyekengeuka, na kila anapopumua wapulizaji humjibu kwa kifungu kifupi kilichopangwa, saksafoni na tarumbeta zikitembea pamoja. Kisha huja chemko: mwendo unakazwa, maneno yanapungua, magitaa yanafumana na midomo ya bata inashika usukani. Jibu likirefuka mno humfunika mwimbaji, likiwa fupi mno wimbo hupwaya. Kupima hayo ni utunzi kamili, lakini katika muziki wa dansi jina la mtunzi hupewa aliyeleta maneno na sauti ya kuimba. Kwa hiyo wimbo "Neema" wa bendi hiyo hutajwa kuwa wa mwimbaji Cosmas Chidumule, na ni haki yake. Dhuluma iko kwa mpangaji, ambaye kazi yake husikika katika kila ubeti na jina lake halitangazwi.

Enock hakuwa peke yake. Orchestra Maquis, iliyotoka Zaire na kuweka makazi Dar es Salaam, iliongozwa na mpiga saksafoni, Chinyama Chiyaza. Kinshasa alikuwapo mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana Mateta, aliyejiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963 na kuiacha mwaka 1969 akaanzisha Orchestre Vévé. Yeye alimiliki bendi, studio na lebo, mambo ambayo mpulizaji wa Tanzania hakuyapata. Hapa, katika bendi nyingi, vyombo vilikuwa mali ya shirika na mwanamuziki alilipwa mshahara. Ndiyo maana kuhama kulikuwa njia ya kudai maslahi: mwaka 1985 waimbaji Muhiddin Gurumo, Hassan Bitchuka na wenzao waliiacha Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound. Mlimani Park ilijipanga upya.

Uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 ulifanya ala mpya na vipuri kuwa adimu, kisha vinanda vya umeme vikaingia na kuiga sauti za wapulizaji kwa gharama ndogo. Bendi nyingi zikaachana na safu hiyo. Mlimani Park na bendi ya Msondo ziliendelea nayo. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na magari ya bendi yakaweza kwenda Mtwara bila kusubiri kivuko. Wakati huo bendi zilizobeba saksafoni zilikuwa zimebaki chache.