Posho ya Mtu Mmoja: Hoteli Ndogo za Nakivale na Mbarara

Mwanafunzi wa Kiswahili aingiaye Uganda kwa mara ya kwanza hukutana na neno posho mahali asipolitarajia. Kamusi imemfundisha kuwa posho ni mgao wa chakula, au fedha ya kujikimu. Huko Mbarara anaiagiza posho, naye aletewa sahani ya ugali wa mahindi. Hapana kosa hapo. Pana historia.

Wapagazi wa karne ya 19 waliotoka pwani kwenda bara walipewa posho, na mara nyingi haikuwa nafaka bali vipande vya nguo au shanga, ili wajinunulie chakula njiani. Waliokula chungu kimoja waliitwa kambi. Baadaye serikali ya kikoloni na wenye mashamba waliwagawia askari, vibarua na wafungwa unga wa mahindi. Katika nchi ambayo chakula cha heshima kilikuwa ndizi au ulezi, unga huo ulijulikana kwanza kama kitu cha kugawiwa, na jina la mgao likakiganda chakula chenyewe.

Maneno hayo mawili, posho na kambi, yamekutana tena Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mashariki ya Mbarara, karibu na mpaka wa Tanzania. (Serikali ya Uganda hupenda kusema makazi, si kambi, na ina sababu: mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime.) Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi waliofukuzwa katika vijiji vya Ankole walikimbilia humo. Baada ya 1994 wengi wa wakimbizi wa zamani walirejea kwao, na wapya wakaja. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 vilileta watu wa Kivu. Kuanguka kwa dola ya Somalia mwaka 1991 kulileta Wasomali hatua kwa hatua. Machafuko ya 2015 yakaleta Warundi. Wapo Waethiopia na Waeritrea pia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nakivale jembe lilitolewa, ila siku ya nne na ya tano zimekuwa miaka sitini na zaidi.

Basi nani aliyefungua hoteli? Nasema hoteli kwa maana yetu ya Kiswahili, yaani nyumba ya kulia chakula, hata ikiwa ni mabati manne na benchi moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na mwenye sufuria na jiko la mkaa hahitaji mtaji mkubwa. Mpishi Mkongo huweka sombe, na Mnyarwanda ajapo huiita isombe, kwani ni majani yale yale ya muhogo. Msomali hupika tambi, ambazo babu zake walizizoea chini ya utawala wa Waitalia, akaweka ndizi mbivu kando ya sahani. Mnyankole akiiona ndizi hiyo hustaajabu kidogo, maana Isingiro ni nchi ya matoke, na kwake ndizi ya mlo ni mbichi iliyopikwa. Chapati ni ya Wahindi, ambao wengi wao walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, chapati haikufukuzika. Ikakatwakatwa na kuchanganywa na maharage, ikaitwa kikomando, mlo wa kijana asiye na mke wala muda.

Mchanganyiko wa namna hiyo si ajabu ya Afrika peke yake. Wajapani walijifunza ukaangaji wa tempura kwa Wareno wa karne ya 16, na baada ya 1868 wakaugeuza mchuzi wa kari, uliowafikia kwa mkono wa Waingereza, kuwa wali wao wa kila siku. Wareno wa karne ile ile ndio walioiachia pwani yetu neno meza. Nalo limesafiri: Waganda husema emmeeza, essowaani na ekijiiko, na mwalimu hana haja ya kueleza zaidi meza, sahani na kijiko vilipitia wapi.

Lakini meza ilibadili jambo zito kuliko msamiati. Pwani watu walizunguka sinia. Msomali na Mwethiopia nao huzunguka sahani moja. Kula peke yako mbele ya watu kulihesabiwa uchoyo, au dalili ya msiba. Hoteli imehalalisha upweke huo: aliyelipa ndiye mwenye sahani. Na Nakivale upweke wa mlaji aghalabu si wa kuchagua. Wako waliofika bila jamaa, na kadi yao ya mgao ni ya mtu mmoja. Siku hizi baadhi ya mgao hutolewa kwa fedha badala ya unga, kama nguo za wapagazi, ili mtu ajinunulie. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapanga wakimbizi wa Uganda kwa kadiri ya uhitaji, na mgao wa wengi ukapungua. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa kabisa. Kwa mtu kama huyo sahani moja ya hotelini ni hesabu ya siku nzima.

Hapa pana kazi yetu walimu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni, ingawa wazee wengi bado hukikumbuka kama lugha ya askari. Hotelini Nakivale, Mkongo, Mrundi na Msomali hukitumia bila kuagizwa na mtu. Mazungumzo ya vitabuni yaitwayo “Hotelini” hufundisha kuuliza bei na kuomba chumvi. Hayafundishi alivyo navyo mlaji wa peke yake pindi mgeni asiyemjua aketipo upande wa pili wa meza: kusema “karibu”, hali sahani ni moja na fedha imekwisha. Wala hayafundishi jibu la mgeni, ambaye ajua kwamba hakualikwa kula na kwamba ameamkiwa, naye hujibu kwa upole, “starehe”, kisha aita sahani yake.