Ufikiaji salama wa studio kutoka mbali (redio za wanafunzi, Munigi)

Ufikiaji salama wa studio kutoka mbali ni utaratibu wa kupeleka sauti ya mtangazaji kwenye mitambo ya redio akiwa nje ya studio, bila mtu mwingine kuidaka, kuibadili au kujipenyeza kwa jina lake. Kwingineko redio ya wanafunzi huutumia kwa kukosa gari la matangazo. Munigi ina sababu nzito zaidi.

Munigi iko nchini Kongo, katika eneo la Nyiragongo, kaskazini ya uwanja wa ndege wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa za volkano ya Nyiragongo zilifunguka hadi karibu na hapo, na lava ikateremka mpaka Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilirudi, ikaikata barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye mitaa mingi ya Goma iliamriwa kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na waasi wa M23. Siku kama hizo mwanafunzi hafiki studioni, na ndizo siku ambazo mkazi anamhitaji mtu wa kumwambia, kwa Kiswahili anachokielewa, barabara ipi inapitika na maji yako wapi.

Kikwazo cha kwanza ni anwani. Modemu inayotumia laini ya simu kwa kawaida hushiriki anwani moja ya intaneti na wateja wengine wengi, hivyo aliye nje hana mlango wa kuubishia hodi. Dawa yake ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya kudumu. Studio huitafuta seva hiyo, simu ya mtangazaji nayo huitafuta, na zote mbili hukutana hapo ndani ya handaki la VPN, yaani njia ya mtandaoni iliyosimbwa. WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, inafaa sana: ni nyepesi, hustahimili mtumiaji anapobadili laini, na humnyamazia kabisa asiye na ufunguo. Huwekewa kutuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili njia isijifunge.

Mega hazihitajiki nyingi. Kwa kodeki (kibana sauti) ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, maneno husikika vizuri kwa kilobiti 24 kwa sekunde, yaani megabaiti 11 hivi za sauti kwa saa. Pamoja na vifungashio vya handaki ni busara kukadiria 30. Ruta na kompyuta ya studio viwe na betri, ili umeme ukikatika kipindi kisikatike.

Hatari kubwa hutokana na mazoea ya watu. Programu ya Icecast, inayopokea sauti na kuirusha mtandaoni, huja na neno la siri la mfano linalojulikana na kila anayesoma maelezo yake. Lisipobadilishwa, mgeni yeyote anayeufikia mlango wake anaweza kuzungumza kwa jina la redio. Kugawana neno moja la siri darasa zima ni karibu sawa na kutokuwa nalo. Kila mtangazaji apewe ufunguo wake, nao umfikishe kwenye mlango wa sauti peke yake, si kwenye kisambaza mawimbi wala ghala la mahojiano, ambamo zimo sauti za mashahidi waliozungumza kwa kuiamini redio. Simu ikiporwa au ikichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, ufunguo huo mmoja hufutwa kwenye seva, na wenzake wanaendelea na kipindi. Mwanafunzi aambiwe mapema pia kwamba handaki huficha maneno yake tu: kampuni ya simu bado inaona ameunganishwa na seva gani, na saa ngapi.

Intaneti yenyewe ikizimwa, handaki halisaidii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 serikali ya Kongo iliifunga kwa karibu wiki tatu. Hapo kipindi hurekodiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kikasimbwa kwa neno la siri ambalo motari anayekipeleka studioni halijui, wala hawezi kulazimishwa kulitaja.