Masika na Njia za Mizigo Kaskazini mwa Cabo Delgado

Uchukuzi wa mizigo katika pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Quissanga hadi Palma na mdomo wa mto Ruvuma, umetawaliwa tangu zamani na msimu mmoja wa mvua ambao kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo mito ya Montepuez na Messalo, inayoteremka kutoka bara kwenda Bahari ya Hindi, hufurika na kuzikata njia zinazofuata mwambao, huku udongo wa mfinyanzi wa mabondeni ukinywa maji mpaka ushindwe kubeba gurudumu. Kaskazini mwa Kanada kipupwe huwafungulia wachukuzi njia, kwa kuwa malori hupita juu ya maziwa yaliyoganda, lakini hapa majira magumu huilainisha ardhi na kuzifunga njia zilizopo.

Biashara ya karne ya 19 haikushindana na msimu huo, bali ilijipanga kuufuata. Misafara ya Wayao, yaani makundi makubwa ya wafanyabiashara na wapagazi waliopeleka pembe za ndovu na watumwa pwani, ilisafiri wakati wa kiangazi, mito ilipokuwa inavukika kwa miguu. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani kwa sababu mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana, waliwaua ng'ombe na farasi. Majahazi nayo yalingoja pepo zake: kaskazi iliyaleta kutoka Unguja na Kilwa, na kusi ikayarudisha.

Mpango huo ulivurugwa na utawala uliotaka kodi na askari vipite mwaka mzima. Kampuni ya Nyassa, iliyopewa hati na Ureno mwaka 1891 na kutawala eneo hilo hadi 1929, ilikuwa na mtaji mdogo, hivyo ilitegemea kodi ya kibanda na kazi ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, iliyowatoa wanavijiji mashambani mwao kwenda kubeba mizigo na kulima barabara. Vita Kuu ya Kwanza vilizidisha mzigo huo, kwani majeshi yaliyopigana pande zote mbili za Ruvuma yalilishwa kwa migongo ya wapagazi, ambao wengi wao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Magari yalipoenea, msimu uliendelea kuamua mambo makubwa. Baada ya vita vya ukombozi dhidi ya Ureno kuanza huko Chai mwaka 1964, wapiganaji wa chama cha FRELIMO na wanavijiji walibeba silaha kwa miguu kutoka Tanzania, wakipita mahali ambapo gari lisingepita, ilhali jeshi la Ureno lilifungwa na barabara. Operesheni yake kubwa kuliko zote, iliyoitwa Nó Górdio, ilianzishwa tarehe 1 Julai 1970, yaani katikati ya kiangazi.

Baada ya uhuru, uhai wa wilaya za kaskazini uliegemea barabara ya N380, ambayo hupita Macomia hadi njia panda ya Awasse, ambako tawi moja hupanda Mueda na jingine huteremka Mocímboa da Praia. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720 juu ya Ruvuma, lilifunguliwa Negomano mwaka 2010, lakini kwa miaka mingi barabara ya udongo iliyoliunganisha na Mueda ililifanya kuwa na faida ndogo wakati wa mvua. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyo Aprili 2019, na mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo mafuriko yaliliangusha daraja la mto Montepuez kwenye N380, hata wilaya za kaskazini zikatengwa na mji wa Pemba kwa njia ya nchi kavu. Uasi wa kutumia silaha ulioanza mkoani humo Oktoba 2017 nao uliifanya barabara hiyo iwe ya hatari, hivyo mizigo mingi ya Palma ikarudi baharini, ingawa mashua nazo hukabiliwa na dhoruba katika miezi ileile.

Mvua, basi, si ajali katika historia hii, kwa maana tarehe zake zilijulikana na wenye misafara na manahodha. Kilichobadilika ni matarajio: barabara moja ilipewa kazi iliyokuwa imegawanywa kati ya bahari, mito na miguu, bila kupewa makalvati, matuta ya kuinua njia na matengenezo ya kiangazi yanayolingana na kazi hiyo. Mwenye kulipa upungufu huo ni mnunuzi wa unga, mafuta na saruji, ambaye bei humpandia kila daraja linapokatika.