Tarehe ya Mitaa ya Kariakoo

Mji wa Dar es Salaam, ambao Sayyid Majid wa Unguja aliuanzisha katika miaka ya 1860 kando ya bandari iliyotulia, na ambao Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891 baada ya kuuacha mji wa Bagamoyo, ulikua kwa mafungu: Wazungu walijitengea maskani upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, Wahindi walishika katikati, penye maduka, na Waafrika walielekezwa magharibi, nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao Waingereza waliuacha wazi uwe mpaka baina ya watu na watu. Huko magharibi ndiko iliko Kariakoo, na mwenye kutaka kuijua tarehe yake hana haja ya kwenda mbali, maana sehemu kubwa ya tarehe hiyo imebandikwa kwenye pembe za njia.

Mipaka yake ni rahisi kuishika. Upande wa Mnazi Mmoja upo Mtaa wa Lumumba. Upande wa magharibi ipo Msimbazi, ambayo jina lake ni la mto na bonde lililo jirani. Kusini inapita Barabara ya Uhuru, na ng'ambo yake ni Gerezani. Ndani ya mipaka hiyo njia zimenyooka na kukatana kwa pembe za mraba, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamekwisha kuupanga mtaa huu, na hata kujenga banda kubwa la soko, vita vilipowakuta mwaka 1914 kabla soko halijapata kutumika. Waingereza walipouingia mji mnamo tarehe 4 Septemba 1916, waliliweka huko jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, nalo likapaachia jina kama ndimi za wenyeji zilivyopenda kulitamka. Na Nairobi nayo, kwa sababu hiyo hiyo, ina Kariakoo yake.

Basi na tuyatazame majina yaliyo katikati ya mtaa. Tandamti, Narung'ombe, Mahiwa: aghalabu ya wapitao hapo na mizigo yao kichwani huyadhani kuwa majina ya mahali tu, na kwa hakika ni mahali, lakini pote patatu pako kusini, katika nchi ya Kilwa na Lindi, na pote palipiganiwa katika vita hivyo, mwaka 1917. Narung'ombe ilikuwa mwezi wa Julai, Tandamti mwezi wa Agosti. Mahiwa, mwezi wa Oktoba, ilidumu siku nne, na ijapokuwa jina lake limetundikwa kana kwamba ni la ushindi, Waingereza walipoteza huko watu zaidi ya 2,000, na Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani akatoka salama na jeshi lake. Jeshi hilo la Waingereza halikuwa na reli wala njia ya motokaa ya kutegemewa; unga wake, risasi zake na majeruhi wake vilikwenda kwa mabega na vichwa vya wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa tumbo la kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Sikuona katika mtaa huu njia iliyopewa jina la mpagazi hata mmoja. Yamewekwa majina ya mahali walipofia, na hilo nalidhani lilifanywa kwa ajili ya kuwakumbuka maafisa.

Kandokando ya hayo yapo majina ya makabila na ya nchi: Nyamwezi, Swahili, Gogo, Congo, Pemba, Mafia. Mtaa wa Nyamwezi unastahili mahali pake, kwani Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi tangu zama za misafara ya pembe za ndovu. Likoma, Magila na Masasi ni vituo vya wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Livingstone alipewa njia yake, na Aggrey, mwalimu mweusi kutoka Gold Coast aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu, alipewa yake.

Ulipopatikana uhuru, njia kuu mbili zilibadilishwa majina. Kichwele ikawa Uhuru. New Street, ambamo katika jengo la Chama cha Waafrika kilizaliwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, ikawa Lumumba, kwa kumkumbuka waziri mkuu wa Kongo aliyeuawa mwezi wa Januari 1961. Soko la Wajerumani lilibomolewa, na mahali pake likasimama soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua kwa moto mwezi wa Julai 2021.

Kadhalika Mtaa wa Kipata umepewa jina la Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa Chama cha Waafrika mwaka 1929. Mzee huyo, katika ujana wake, alikuwa askari wa Wajerumani, akapigana chini ya von Lettow-Vorbeck dhidi ya Waingereza wale wale. Na sasa jina lake linakaa ujirani na Narung'ombe na Mahiwa, majina ambayo hakuna serikali iliyoona haja ya kuyafuta.